Bibi aliyetulaza anaambiwa kala hela ya kisima

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie mawazo ila jina langu lisitoke, na kanisa letu usilitaje hata kama utalihisi, maana Kigoma hii ni ndogo, ukikohoa Mwanga watu wa Ujiji wanakupa pole.

Mimi ni binti wa miaka 24, fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Mwanga, na kanisani ni mhazini wa vijana, huu mwaka wa pili. Mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 tulienda misheni ya siku tano kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika huko kaskazini ukishapita Gombe, gari haifiki, ni boti tu. Tulikuwa vijana 26. Tulichangishana miezi minne, tukauza chapati na chai baada ya ibada, tukapitisha kadi mpaka kwa ndugu zetu wa Dar, ikapatikana 2,400,000. Hela nilishika mimi na daftari ninalo mpaka leo na risiti zote, nadhani ndo maana roho inaniuma kuliko wenzangu.

Kwanza niseme ukweli ile safari ilikuwa nzuri. Tuliimba, tuliomba na wagonjwa, tulifanya usafi zahanati, tukapaka chokaa madarasa mawili, watoto wakawa wanatufata kila kona. Siku ya kuondoka nililia. Sitaki mtu aseme nilienda kwa unafiki.

Wasichana wanne tulipangwa kulala kwa bibi mmoja mjane, anaishi na mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la saba. Bibi mwenyewe ni Muislamu lakini alitupokea kama wajukuu wa kuzaa, akatupa chumba chenye kitanda, sisi tukajua yeye ana chumba kingine kumbe hakuna, walikuwa wanalala jikoni na mjukuu wake na tumekuja kujua siku ya nne. Siku ya pili akamwita kijana wa jirani akatuchinjia kuku, tukala na ugali wa muhogo, tukapiga na picha. Mjukuu ndo akaja kuniambia baadae kwamba yule kuku alikuwa na vifaranga. Na kipindi hicho ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna kuvua, hakuna dagaa, kijiji kizima hakina hela, sisi wala hatukuliwaza hilo, tulikuwa tunashangaa tu mbona mitumbwi imelala mchangani usiku na mchana.

Usiku wa mwisho kwenye mkutano kiongozi wetu wa vijana akashika maiki akasema Mungu amemwonyesha kwamba kijiji hiki hakitakunywa tena maji ya ziwa, na kabla mwaka haujaisha tutarudi na kisima. Vigelegele vilipigwa Shangazi hujawahi kusikia. Na mimi kwenye daftari langu usiku ule kulikuwa kumebaki sifuri. Nikamwangalia nikaona kaongea kwa kupandwa na mori, nikanyamaza. Na nisijifanye msafi, asubuhi yake nilimshika mkono yule mjukuu nikamwambia "ukifaulu nitakusomesha" wakati kodi ya kibanda nadaiwa miezi miwili.

Alafu palepale mbele ya watu kiongozi akamwita bibi akampa bahasha ya shukrani kwa kutulaza, picha zikapigwa, mle ndani kulikuwa na 20,000, niliiweka mwenyewe nikaitoa kwenye ya chakula.

Sasa Shangazi matatizo yakaanza. Bibi hana simu, anatumia ya jirani. Mwezi wa nane akawa ananipigia, "mjukuu wangu kisima kinakuja lini", mimi namjibu bibi bado tunaomba. Mwezi wa tisa akapiga analia. Kijijini wanasema ile bahasha ndo ilikuwa hela ya kisima, kwamba wageni walimwachia yeye kwa kuwa walilala kwake, na yeye kaila. Wanawake wenzake wamemtoa kwenye kikoba. Na huu uchaguzi wa serikali za mitaa unaokuja ndo umeharibu kabisa, kila anaeutaka uenyekiti anaiongelea hela ya kisima.

Jingine ni picha. Mjukuu nilimpiga siku ya kwanza anatoka shamba, gauni limechanika begani, kakunja uso kwa sababu ya jua. Nikaituma kwenye grupu letu la WhatsApp tu. Kiongozi akaichukua akaifanya tangazo la kuchangia misheni ya mwezi wa kumi na mbili, safari hii wanataka twende Tabora, vijijini upande wa Sikonge, kaandika kwa herufi kubwa NANI ATAMFUTA MACHOZI? Mtoto hakuwa hata analia! Ikazunguka kwenye stetasi za watu mpaka ikafika kijijini kwao. Sasa hivi wenzake wanamwita Tangazo.

Na la mwisho, Jumapili ya mwisho wa mwezi nasoma ripoti ya mapato na matumizi kanisani. Matumizi yenyewe ni boti ya kukodi kwenda na kurudi 640,000, tisheti 26 za 15,000 jumla 390,000, mpiga picha na droni yake 350,000, jenereta, spika na mafuta 280,000, chakula chetu pamoja na ile bahasha 430,000, alafu sabuni, madaftari na chumvi tulivyogawa 310,000. Kiongozi anataka niandike mistari miwili tu, usafiri 640,000 na huduma kwa jamii 1,760,000. Nilipokataa akaniambia shetani alianza kutumia wahazini tangu enzi za Yuda. Na vijana wenzangu wanasema nisiharibu kazi ya Mungu.

Kwa sasa simu ya yule jirani sipokei. Inaita naiangalia mpaka inakata. Nifanyeje? Nijiuzulu? Nihame kanisa? Nikope laki mbili nimtumie bibi yaishe?

Mwana misheni mwenye deni, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mboga imeungua jikoni.

Nianze na simu. Leo jioni, mida ambayo jirani yuko nyumbani, piga wewe, usisubiri ipigwe, maana hiyo simu inayoita mpaka inakata bibi ameiazima. Msalimie, omba radhi kwamba ulikuwa hupokei makusudi, usisingizie mtandao, alafu mwambie kwa Kiswahili chepesi kabisa: bibi hakuna hela ya kisima, haijawahi kuwepo, bahasha ilikuwa na elfu ishirini ya kukushukuru, na mimi nakuja kuyasema hayo mbele ya watu. Basi. Usimwambie tena "tunaomba". Mtu anaeenda ziwani na ndoo kila siku ukimwambia tunaomba anaelewa kuna kitu kinakuja, na wewe ulilitumia hilo neno ukijua hakuna kinachokuja, kwa hiyo na wewe una kipande chako kwenye hii aibu, si kiongozi peke yake. Nakwambia kwa upendo lakini nakwambia.

Laki mbili usikope na usitume. Hebu fikiria kidogo, bibi wa watu anaambiwa kala hela, alafu inaingia laki mbili kwenye simu ya jirani, na meseji anaiona jirani kabla ya bibi! Mpaka saa mbili usiku kijiji kizima kinajua "hela ya kisima awamu ya pili imeingia". Utakuwa umemzika kwa mikono yako.

Jina lake lilichafuliwa kwenye maiki, litasafishwa kwenye mkutano, simu peke yake haitoshi. Na uharakishe kwa sababu uchaguzi wenyewe ni tarehe 27 Novemba, kampeni zikishaanza hicho kisima chenu kitakuwa mali ya wagombea na hutaweza tena kukitoa midomoni mwao. Usipitie kwa mwenyekiti wala kwa anaeutaka uenyekiti. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, yule ni mwajiriwa, haingii wala hatoki kwa kura. Mpelekee barua yenye muhuri wa kanisa inayosema vitu vitatu: tulipoondoka kwenu hela zote tulizochanga zilishatumika, hakuna senti ya kisima iliyoachwa kwa mtu yeyote, na bahasha aliyopewa mama fulani ilikuwa shilingi 20,000 ya shukrani. Muombe aisome kwenye mkutano wa kijiji au akiitisha watu siku hiyo mko pale, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Akitokea mgombea anataka kusimama pembeni yenu apigwe picha, kataeni. Na wale wanawake wa kikoba wafateni walipo, kaeni chini nao, maana mwanamke akishatolewa kikoba barua ya ubaoni haimrudishi, anarudishwa na wenzake.

Waende watu watatu wanne, wewe, kiongozi wenu na mzee mmoja wa kanisa anaeheshimika. Pandeni boti ya abiria ya kawaida pale Kibirizi kama wanavyopanda wenyeji, na unga na mboga yenu mbebe wenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nyie mmekaa siku tano, watu 26, na jembe mmelikuta ukutani mkaliacha ukutani. Naomba unielewe, kupaka chokaa ni kazi nzuri, sibezi. Ila ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nchi zote nne zinazolizunguka, na ilitangazwa sana. Mngemuuliza muuza dagaa mmoja tu pale Kibirizi angewaambia wanangu subirini mwezi wa tisa, sasa hivi mtaenda kuwala wenyeji wenu. Hicho ndo kinaniudhi kuliko hata tisheti. Tisheti ni ujana. Lakini kutouliza watu wana hali gani kabla ya kwenda kuwahudumia, hapo mlikuwa mnaenda kwa ajili ya nani?

Nikuulize kitu, ule mfano wa Msamaria mwema kwenye Luka 10, nyie vijana mkiuigiza kanisani nani huwa anapewa nafasi ya Msamaria? Mnagombania, najua, hata sisi tulikuwa tunagombania. Sasa angalia safari yenu. Wasafiri ni nyie, mtu wa imani nyingine aliyewatoa njiani akawapa kitanda chake akalala jikoni na kutoa alichokuwa nacho, ni bibi. Msamaria alikuwa yeye mwanangu. Na hapo hapo kwetu Ujiji mwaka 1871 alifika Livingstone anaumwa, hoi, akakuta vitu vyake alivyotumiwa vimeshauzwa na mtu aliyeachiwa avitunze, mmisionari anaejulikana dunia nzima akabaki anaishi kwa hisani ya watu wa Ujiji mpaka Stanley alipotokea. Watu wanaenda kupiga picha pale kwenye mnara na hakuna anaejiuliza siku hizo alikuwa anakula kwa nani.

Haya, ripoti. Soma mistari yote sita kama ulivyoniandikia mimi, na kila mmoja na hela yake. Sijaona wizi kwenye daftari lako, nimeona vijana waliotumia kama vijana. Boti ni nauli yenu na nauli si dhambi, huko bila boti hufiki. Lakini nauli iitwe nauli, na droni iitwe droni. Ukichukua kila shilingi 100 mliyochanga, iliyofika mikononi mwa wanakijiji kama sabuni na daftari na chumvi ni 13 hivi. Waumini waliotoa wana haki ya kuijua hiyo 13 kabla hawajaombwa tena ya Sikonge, kuna wamama mle walitoa hela ya kununulia mawese ya nyumbani. Wakiamua ni sawa, sawa. Ila waamue wakiwa wanaona.

Na huyo kaka akikuletea tena habari ya Yuda mfungulie Yohana 12:6, imeandikwa alikuwa mwizi, mfuko anao na anachukua vilivyotiwa humo. Kosa la Yuda halikuwa kusoma risiti kwa sauti. Usimjibu kwa hasira lakini, na usije ukamsubiri Jumapili umlipue madhabahuni, hiyo sio haki na isitoshe itageuka kuwa ugomvi wa vijana na bibi atasahaulika kabisa. Fata Mathayo 18, nenda kwake peke yako kwanza, wiki hii, na daftari mkononi. Mwambie kaka mimi naisoma hivi, nimekuja kukuambia kabla. Mpe nafasi ya kusimama yeye mwenyewe aseme "nilitoa ahadi ambayo sikuwa na uwezo nayo". Akigoma nenda na wawili, akigoma tena mpelekeeni mchungaji, yote hayo kabla ya Jumapili. Mimi simuoni kama mtu mbaya, nimeishi na watu wa aina yake, ukimpa maiki na vigelegele anaahidi mpaka mvua. Asubuhi akiamka anaona aibu, na badala ya kurudi kuomba radhi anapanga safari ya kwingine ambako hawamjui. Ndo Sikonge hiyo. Kwa hiyo hiyo ya Desemba isimame, sina maneno mengi hapo, huwezi kwenda kufungua deni Tabora wakati la Kigoma liko mlangoni.

Sasa kisima chenyewe, maana bibi atakuuliza na kijiji kitauliza, "basi maji hatupati?" Maji ya vijijini yana wenyewe, ni RUWASA, wakala ulioanza mwaka 2019, una ofisi mpaka wilayani, na mradi ukishakamilika unakabidhiwa kwa chombo cha watumia maji cha jamii yenyewe wakiwemo wanakijiji, wanakusanya hela kidogo kidogo ya kutengenezea kikiharibika. Kisima cha kuchimbwa na wageni wakapiga picha wakaondoka, pampu ikifa hakuna spea wala fundi wala mtu mwenye daftari, kinabaki chuma. Na nani aliwaambia kwamba kinachofaa pale ni kisima? Ule mwambao milima imeshuka mpaka majini na kuna vijito vinatoka juu, sehemu kama hizo mara nyingi mtu wa maji anaanza kwa kuangalia maji ya mserereko, yanashuka yenyewe kwenye bomba bila mashine. Simaanishi kwamba pale kwenu itawezekana, hiyo ni kazi ya kupimwa. Namaanisha mlitaja dawa kabla ya kumuona daktari.

Mfano mnao jirani hapo hapo Gombe. Jane Goodall kaanza kazi ya sokwe pale mwaka 1960, miaka thelathini baadae vilima vya vijiji vinavyozunguka hifadhi viko uchi, miti imekwisha. Taasisi yake ilipoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, waliingia vijijini kwa kuuliza nyie shida yenu nini, na watu hawakusema sokwe, wakasema chakula, matibabu, shule za watoto. Wakaanzia hapo. Sasa kama watu waliokuja kwa ajili ya sokwe waliweza kuuliza, nyie mliokuja kwa ajili ya watu mlishindwaje?

Kitu ambacho kanisa lenu mnacho na kile kijiji hawana, na hamjakiona, ni kwamba nyie mko mjini. Mtendaji akitaka kufatilia barua ofisini ni boti, ni kulala, ni nauli, na akifika anaambiwa njoo Jumatatu. Nyie Jumatatu mpo. Mkifika kule ulizeni kwanza, je kijiji kimeshawahi kuandika kuomba mradi wa maji, barua iko wapi, imekwama kwa nani. Alafu kijana mmoja wa kwenu awe ndo miguu yao mjini, anaenda anauliza, anawapigia simu kuwaambia alichojibiwa. Hii haina tisheti na droni haiwezi kuipiga picha lakini nakuhakikishia ni huduma. Na kwa sasa wakati wanasubiri, mambo ya kuchemsha maji na dawa ya kutibu maji yasidharauliwe, mwaka 2015 pale Kagunga kipindi cha wakimbizi wa Burundi tuliona kipindupindu kinafanya nini kwa watu wanaokunywa ziwa, naamini hata mama yako anakumbuka. Muulizeni mganga wa zahanati mliyoifanyia usafi anahitaji nini katika hilo, mumsikilize yeye.

Mjukuu sasa. Picha ishuke leo, na sio tu kwenye ukurasa wa kanisa, andika kwenye grupu kila aliyeiweka stetasi au kuituma aifute na aliowatumia awaambie wafute. Kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayompa mtoto haki ya utu wake kutochezewa, mtajie kiongozi kama ubishi utazidi, ila nadhani ukimwambia tu kwamba huyo mtoto anaitwa Tangazo itatosha, akiwa na moyo. Haitafutika yote, hilo ujue. Ndo maana ukifika uongee na binti mwenyewe, sio kupitia bibi, ana akili zake huyo, umwombe radhi na umwite kwa jina lake.

Na ile "nitakusomesha". Mwanangu tuipunguze ifike saizi yako. Ada ya sekondari ya serikali kuanzia kidato cha kwanza ilishaondolewa tangu 2016, kwa hiyo kama kapasi, ada sio tatizo lake. Tatizo lake Januari itakuwa sare, viatu, begi, madaftari, na pengine godoro na ndoo kama shule yenyewe ni ya kulala mbali. Viatu na godoro hilo la kanisa, lisemwe wazi kwenye hiyo ripoti, watu watatoa tu, Wakristo wa Kigoma nawajua. Lakini sare! Wewe ni fundi cherehani, barua nzima umelia kwamba huna kitu, na una cherehani. Sketi mbili na mashati mawili kitambaa sio hela ya kukushinda. Ukienda beba futi yako, mpime, uache na mapindo ya kutosha maana wasichana wa umri huo wanarefuka ghafla. Mwambie "nilisema nitakusomesha, ninachoweza ni sare zako mpaka umalize kidato cha nne", hiyo unaiweza bila kukopa.

Kuhama kanisa sijui, hilo utaliona baada ya ripoti. Kujiuzulu sio kabla ya kuisoma. Ukitoka sasa hivi daftari atapewa atakaeandika mistari miwili.

Kuku nae usimlipe bibi kwa hela, kuku wa mgeni halipwi, utamuumiza. Ila mgeni akirudi hafiki mikono mitupu, mpelekee sukari na mtetea mmoja mzuri aliyeanza kutaga, mfunge miguu vizuri na umweke katikati ya boti, pembeni kule maji yanaruka sana.